Maji ya Usiku ya Mfongo wa Ndelilio

Newala,
17 Novemba 1996

Mwanangu mpendwa Aristides,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Aikande, na huyo Gladys ambaye picha yake ya komunyo ya kwanza imefika salama na sasa iko ukutani, pembeni ya ile ya marehemu mume wangu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimefundisha nikiwa nimesimama, lakini bado natembea mwenyewe hadi kanisani. Mikorosho imezaa vizuri. Wanunuzi binafsi wamejaa hapa, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na ukweli wake.

Mvua bado. Unajua huku juu hatuna mto wala chemchemi. Tuna paa la bati na kisima cha saruji chini ya ua, chenye mfuniko na kufuli. Maji ya Machi ndiyo tunayokunywa Novemba. Nimeishi hivyo tangu mwaka 1958 ndoa iliponileta huku, na mpaka leo nikishusha ndoo nasikia mfongo wetu, mfereji wa Ndelilio, ukipita nyuma ya jiko la mama. Watu wa hapa nikiwaambia kwamba kwetu maji yanapita uani yakipiga kelele kama watoto waliotoka shule, wanadhani ni uzee.

Ndiyo maana nimeamua. Mwakani msimu wa korosho ukiisha, narudi Kilema. Nitajenga vyumba viwili kwenye kile kipande cha juu, karibu na bwawa letu la nduwa, alichonipa Baba mbele ya kaka zangu, wakati ambapo mtoto wa kike hakupewa hata mgomba. Nyumba ya huku nitamwachia mpwa wa marehemu. Nataka kuzeeka mahali ambapo maji yanakuja yenyewe.

Sasa nijibu jambo moja. Tito, yule kijana wa Kilema anayenunua korosho huku, alipita kunisalimia. Alikunywa chai, akacheka, akasema, "Mama Mwalimu, mfongo wenu umepata mgeni. Mtu wa maji kutoka mjini amewapelekea wazee jani la sale, na wazee wamekubali mji uchukue maji."

Nikamuuliza ni mtu gani. Akatazama ndani ya kikombe.

"Wa kwenu," akasema, kisha akakumbuka kwamba lori linamsubiri.

Wa kwetu anayefanya kazi ya maji ni mmoja. Niandikie kwamba Tito amechanganya mambo.

Shangazi yako anayekuombea,
Mektrida


Njoro, Moshi,
5 Januari 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa posta, kisha Krismasi ikaingia. Sisi ni wazima. Gladys amepanda darasa na anajivunia picha yake kuwa kwako. Mama alisumbuliwa na kifua Novemba, sasa anaendelea vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike. Ndugu yangu Denis amekata nusu ya kahawa, anasema bei haimruhusu hata kuitazama, na amepanda nyanya. Nilimwambia kwamba marehemu Baba angeliona hilo angefufuka. Akanijibu, "Afufuke aje na bei."

Habari ya kurudi kwako imetufurahisha sote. Mama alisema utakapokuja atapata mtu wa kubishana naye kwa Kiswahili sanifu.

Kuhusu kazi: nimeteuliwa katika kamati ya mji ya kupanga jinsi ya kukabili ukame. Nadhani Tito amesikia vipande vya hiyo habari. Mji umekua, Shangazi. Mabomba ni yaleyale yaliyotandazwa kwa ajili ya mji mdogo, watu wameongezeka, na theluji ya mlimani unayoikumbuka imekuwa kama kofia iliyofuliwa mara nyingi. Mwezi Oktoba hapa Njoro bomba la mtaa lilikuwa linakohoa tu. Mke wangu alipanga foleni na ndoo tangu alfajiri. Watoto wa jirani wawili walilazwa kwa kuhara.

Kwa hiyo tumetengeneza mpango wenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, watu wanakatazwa kuosha magari na kumwagilia maua. Ya pili, maji yanatolewa kwa mgawo mtaa kwa mtaa. Ya tatu, maboza yanazunguka na baadhi ya mabomba yanafungwa. Lakini ngazi haziongezi maji, na tuliagizwa tutafute chanzo ambacho bado hakijatumika. Tulipima chemchemi na mifongo mingi. Mfongo wa Ndelilio una maji mengi usiku ambayo hayatumiki, kwa kuwa hakuna mtu anayemwagilia usiku. Makubaliano ni mepesi: mchana maji ni ya wakulima, usiku ni ya mji. Kila upande umepata.

Ukija utaona mwenyewe. Mambo yamepangwa kwa haki.

Mwanao,
Aristides


Newala,
9 Februari 1997

Aristides,

Nawasalimu wote. Nimefurahi kwa ndama, na kifua cha mama yako Zita nakiombea. Hapa tumemzika jirani yangu, bibi aliyenifundisha kupika kisamvu. Mvua ilikuja siku chache, maji yakapanda kisimani, kisha ikakatika.

Umeniandikia kurasa nne, na swali langu lilikuwa moja. Nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Namjua mwanafunzi anayeandika vizuri sana kuhusu swali ambalo hakuulizwa.

Basi nitajibu mimi. Ulibeba sale. Ulikata jani la mpaka wa kihamba cha babu yako, shamba hilo la ukoo, ukalifunga fundo, ukawapelekea wazee wa mfongo. Na ulijua kwa nini. Sale hubebwa na mtu aliyekosa. Aliyekosewa, hata kama ameuliwa mwana, akiliona jani hilo analazimika kuketi, kusikiliza na kusamehe. Halikataliwi. Babu yako alisamehe damu ya kaka yake kwa sababu ya sale. Nilikuwepo, nilimshikia kiti. Ni kimbilio la mtu ambaye hana kingine. Wewe ulilibeba kwa niaba ya ofisi yenye pikapu na mhuri.

Na hayo maji "ambayo hayatumiki". Andika hivyo kwa mkubwa wako, ambaye huenda amezaliwa penye bomba. Usiniandikie mimi. Watu wanalala, maji hayalali. Usiku kucha yanaingia kwenye nduwa, bwawa hilo la udongo ambalo wewe mwenyewe ulichapwa na babu yako kwa kuoga ndani yake. Alfajiri mwenye zamu anachomoa kizibo, na maji yanatoka kwa mkupuo mmoja, yana nguvu ya kufika vihamba vya chini kabisa. Yakikosa mkupuo huo, maji ya mchana yanaishia katikati. Yananywewa na udongo na watu wa juu. Kihamba cha mwisho kwenye mfongo huo ni cha nani, Aristides? Ni cha mama yako.

Maji ya usiku ndiyo akiba yetu. Wazee hawakuiita mpango wa ukame, hawakuigawa katika ngazi, lakini ndicho kitu pekee walichopanga na kikafanya kazi. Mmeikuta ghala imefungwa, mkasema chakula hiki hakina mlaji kwa sababu saa hii hakuna anayekula.

Nilipokuwa msichana sikuruhusiwa kufika kwenye banio la mfongo, pale maji yanapoanzia. Walisema mwanamke akikanyaga pale maji yatakasirika na kukauka. Nikatii mpaka nikaolewa. Sasa wamefika wanaume wenye tepu na buti, na maji ndiyo hayo yanaondoka.

Mtu habebi sale kwa kosa asilolijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama ungekuwa mjinga ningekufundisha.

Mektrida


Moshi,
20 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Gladys ana mafua. Mama anakusalimu.

Ni kweli nilibeba sale. Lakini kwa kuwa umenihukumu, sikiliza na upande wa pili.

Tulikwenda kwa wazee mara tano. Mara ya kwanza walitupa mbege tukanywa, wakasema watafikiri. Mara ya pili mwenye kauli alikuwa amesafiri. Mara ya tatu alikuwepo, ila kulikuwa na msiba. Kila mara tunarudi mjini na kukuta foleni imekuwa ndefu zaidi. Shangazi, umewahi kumwona mama akimwosha mtoto anayeharisha kwa maji aliyooshea vyombo? Mimi nimemwona, ni mpangaji mwenzangu, tunatenganishwa na ukuta wa matofali. Kamati ikaniambia, "Wewe ni wa kule, hujui lugha ya wazee wako?" Nikaijua. Mara ya sita nikaenda na jani.

Tulikuwa uani kwa Mzee Yohana, ambaye sasa ndiye mkuu wa mfongo. Alilitazama lile jani, akanitazama mimi.

"Umeua nani, kijana?"

"Sijaua mtu, babu."

"Umemtukana mama yako?"

"Hapana."

"Umepitisha ng'ombe kwenye kihamba cha mtu?"

"Hapana, babu."

"Basi hili la nini?"

"La kuomba."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Mdomo wake ni wa serikali, lakini jani ni la nyumbani. Kaja na vyote viwili asikose." Wakacheka wote. Mzee Yohana hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Sale haikataliwi," akasema. "Unalijua hilo, ndiyo maana umelileta. Haya, tumekusamehe. Kosa lenyewe utatuletea baadaye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikufurahi, wala sikulala vizuri. Lakini sikwenda mikono mitupu. Niliandika kifungu kwenye mpango: chemchemi ikishuka chini ya jiwe jeupe lililopo kwenye banio, mji utafunga koki ya bomba lake na kuwarudishia wakulima maji ya usiku mpaka yapande tena. Nilikiandika mimi mwenyewe, kwa ajili ya Mama na kwa ajili ya wote wa chini.

Na wewe, Shangazi, una paa na kisima na kufuli. Kwako shida ya maji ina mpaka. Ni rahisi kuulinda mfongo kwa kalamu kutoka Newala. Watu wa Njoro nao ni watu. Wengi wao wametoka hukohuko vihambani, kwa sababu kihamba hakikuweza kugawanywa tena.

Mabomba yameshafika. Koki itafunguliwa mwezi wa sita.

Aristides


Newala,
1 Juni 1997

Mwanangu Aristides,

Salamu nyingi. Mafua ya Gladys yawe yamekwisha. Msimu wa mvua umepita na kisima changu hakikujaa. Tumeanza kupimiana, na jirani akiishiwa tunamfungulia, kisha yeye hutufungulia mwaka mwingine. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna anayethubutu kuivunja.

Nakushukuru kwa kunijibu safari hii. Mtoto anayeharisha ana haki kuliko mgomba, na sitabishana nawe juu ya hilo. Kama maji ya usiku yanakwenda kwake, na yanarudi kwa Zita jiwe jeupe likionekana, basi umekosea njia lakini hukukosea safari. Hilo ningeweza kulikubali.

Lakini nimeisoma barua yako mara nyingi. Unasema uliandika kifungu. Husemi kwamba kifungu kimo. Kimo, Aristides?

Nimemwandikia mama yako barua mbili kupitia parokia. Hajanijibu. Zita, ambaye hata paka akizaa huniandikia! Wewe unasema "Mama anakusalimu" na kuishia hapo. Zamani ulikuwa unaniambia amepika nini.

Mpwa wa marehemu amekwisha kuhamia kwangu na watoto wake. Nilimwahidi nyumba na siwezi kumwambia asubiri. Mbao za milango nimechagua, mninga, Tito atazibeba lori likirudi tupu. Ninachotaka kujua kabla sijafunga sanduku ni kama kuna maji. Niambie wewe, kabla sijaambiwa na mnunuzi wa korosho.

Shangazi yako


Moshi,
14 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi tangu Julai.

Kifungu hakimo. Kiliondolewa mwezi Machi. Nilipokuandikia Aprili nilikuwa najua.

Ilikuwa kwenye kikao cha mwisho. Mwenyekiti alikisoma kwa sauti, akasema, "Ndugu zangu, hapa tunaipa chemchemi kura katika kikao chetu." Watu wakacheka. Akauliza kama kuna mwenye hoja. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Nikaendelea kuandika.

Koki ilifunguliwa Juni. Julai jiwe jeupe likaonekana lote mpaka chini, na nduwa ikapasuka nyufa zinazoingia mkono. Maji ya mchana yanaishia karibu na kanisa. Migomba ya Mama imekunja majani. Nyanya za Denis zilikauka zikiwa na maua. Ng'ombe na ndama wake wamepelekwa kwa shemeji Bomang'ombe, ambako angalau kuna majani ya kununua. Mama anashuka bondeni mtoni na ndoo, na ule mteremko unaujua. Denis akimkataza anamwambia, "Niache, nilikuwa msichana kabla ya mfongo kuja huku chini." Uongo mtupu, mfongo ulikuwepo kabla ya mama yake.

Hajakujibu kwa sababu hataki kunishitaki kwako, na hataki kukudanganya.

Na hilo si baya kuliko yote. Maji yale hayafiki Njoro. Bomba kubwa linapita chini ya mtaa wetu, ukiweka sikio usiku unalisikia, lakini bomba la mtaa limefungwa tangu Julai kwa mujibu wa ngazi ya tatu. Mpango unasema shida ikizidi, wanaofungwa kwanza ni wale wasio na mita. Bomba la mtaa halina mita. Waliobaki na maji ni mahoteli na nyumba za wageni wanaopanda mlima, na majumba mapya yenye bustani. Niliona kwa macho yangu mtu akimwagilia nyasi, Shangazi. Nyasi! Haziliwi hata na ng'ombe, maana hana ng'ombe.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu. Nikamwambia, "Mzee, maji haya tuliyaomba kwa jina la watoto wa Njoro."

"Aristides, siku hizi ofisi inajilisha yenyewe. Serikali imetuambia tujitegemee. Mtoto wa Njoro analeta nini?"

"Analeta ndoo."

"Ndoo haijengi bomba," akasema, akanipa faili jingine.

Nimekasirika mpaka nashindwa kula, lakini hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu kila mlango ninaougonga nakuta saini yangu. Mzee Yohana nilikutana naye sokoni. Nilitaka aniseme. Alinisalimia vizuri kabisa, akauliza hali ya watoto.

Sijui nikuambie nini kuhusu kurudi kwako.

Aristides


Moshi,
16 Novemba 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na sikulaumu. Nakuandikia haraka kwa sababu nina habari njema.

Mvua imekuja! Wanaiita Elnino, na inanyesha kama vile mtu amesahau kufunga. Barabara ya Kilema imekatika mara mbili. Chemchemi imepanda, jiwe jeupe limezama, nduwa imejaa mpaka inamwagika ukingoni. Mama amerudishiwa ng'ombe wake, na juzi alinipikia mtori wa ndizi za kihamba chetu, zile zilizobaki upande wa kivulini. Bomba la mtaa hapa Njoro limefunguliwa. Aikande ameweka ndoo uvunguni na kusema hataki kuziona.

Kamati yetu imevunjwa wiki iliyopita, kwa kuwa ukame umekwisha, na mpango umehifadhiwa kabatini. Mwenyekiti alitushukuru, tukanywa soda.

Kwa hiyo njoo, Shangazi. Matofali tuliyokufyatulia ya nyumba yako Denis ameyafunika kwa majani ya migomba. Maji yapo tele, yanapiga kelele kama ulivyosema. Yote yamepita.

Mwanao,
Aristides


Newala,
11 Januari 1998

Mwanangu Aristides,

Nawatakia heri ya mwaka mpya, wewe, Aikande, Gladys, Denis, na zaidi Zita, ambaye ameniandikia mwenyewe. Barua yake ilikuwa na mistari sita, mitano ya ng'ombe. Mimi ni mzima. Kisima kimejaa mpaka shingoni.

Sikuijibu barua yako ya Septemba kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika matusi, na matusi ya mwalimu mstaafu hayapendezi. Kisha ikaja hii ya Novemba, nikaona ile ya Septemba ilikuwa na akili zaidi.

Yote yamepita? Nduwa imejazwa na mvua, haikujazwa na ninyi. Koki iko palepale. Kifungu hakimo palepale. Siku jiwe jeupe likichomoza tena, mabwana wale watafungua kabati na kukuta ndani yake uamuzi uleule, na nyasi zitamwagiliwa. Na mmevunja kamati ya ukame kwa sababu mvua imenyesha! Mmekunywa na soda! Huku Newala mvua inapoanza ndipo tunapopanda juu ya bati kuzibua mifereji, ndipo fundi anapoziba nyufa za kisima, ndipo majirani wanapoketi na kusema mwaka huu nani ana watoto wengi. Mtu anayesubiri jua kali ndipo afikiri maji, huku haozeshwi binti. Mji mzima wenye wahandisi, walioketi chini ya mlima huo, umeshindwa kujua jambo analolijua mtoto wa Newala anayetumwa kufunika kisima.

Sasa sikiliza, kwa maana nimefikiri mwezi mzima.

Sitakuja. Kipande changu kiko juu, karibu na nduwa. Nikijenga pale, ukame ukirudi mimi nitapata maji ya mchana kwa haki kabisa, kwa zamu yangu, na Zita atabaki chini akishuka bondeni na ndoo. Nitakaa kibarazani nikisikia maji yangu yakipita, nikijua yanaishia wapi. Nimesubiri sauti hiyo karibu miaka arobaini, lakini sitaisikiliza hivyo.

Kichimbeni kipande hicho. Kipande chote, kuanzia mpakani hadi kwenye mgunga, kifanyeni nduwa ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na muifanye sasa, wakati mji una maji yake na hautaki ya kwenu. Ijengewe kwa mawe, isakafiwe kwa saruji kama visima vya huku, isiwe ya udongo wa kupasuka. Mbao zangu za mninga Tito atawaletea. Zitafaa kwa lango. Haitatosha kiangazi kizima, najua. Itawasogeza watu wa chini wiki kadhaa, na wiki kadhaa ndizo zilizoua nyanya za Denis.

Usidhani kwamba nimekulipia. Hiyo ni kwa ajili ya Zita, asikusubiri wewe. Wewe unayo kazi yako. Kamati haipo, basi nenda kwa aliyeivunja, na usipopata kwake nenda kwa diwani, nenda kwa wapangaji wenzako wa Njoro waliodanganywa pamoja na mama yako, uwaambie maji yaliyopita chini ya vitanda vyao yalikuwa ya nani na yalikwenda wapi. Waambie na kwamba ulikuwepo. Dai kifungu kirudi. Safari hii usiwe wewe wa kuandika muhtasari. Wakikufukuza kazi, Denis ana jembe la ziada.

Mzee Yohana atasema nduwa haiwezi kukaa kwenye ardhi ya mwanamke. Mwambie kipande hicho nilipewa mbele ya baba yake, aliyekula nyama ya siku hiyo na kujilamba vidole. Kama bado anabisha aniandikie mwenyewe. Namkumbuka akichapwa kwa kukojoa mfongoni, na nitalitaja hilo katika jibu langu.

Nyumba ya huku nimekwisha kumpa mpwa wa marehemu, na hainyang'anywi. Amekubali niendelee kulala chumba cha nyuma. Ana watoto wanne, nao wana kelele za kutosha.

Anzeni upande wa juu. Chini ya migomba kuna mwamba. Baba alijaribu kuupasua kwa moto na maji baridi, akashindwa. Msipoteze muda nao. Uacheni uwe ukuta, chimbeni kuuzunguka, na muwe mmemaliza kabla ya Pasaka.

Shangazi yako,
Mektrida